Mzee Kabera Phocas, Mkimya wa Mbugangari (1963–2025)

Ndugu, majirani, nanyi mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, sogeeni kidogo, kipaza sauti hiki hakina nguvu. Tunasoma kwa Kiswahili kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo. Kwenye karatasi mlizopewa, upande wa pili, mtakuta maneno haya haya kwa Kinyarwanda. Ila tuwaambie mapema: mzee mliyemjua ninyi na huyu tutakayemsimulia hapa mtaona kama ni watu wawili. Vumilieni, mtawaona wakikutana.

Mzee Kabera Phocas alizaliwa tarehe 9 Mei 1963 huko Nkwenda, wilaya ya Karagwe, Tanzania. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu Sano na marehemu Mukashyaka. Wazazi hao walikuwa watu wa Kanama, huku kwetu Rwanda, hapo juu tu, na waliondoka kwa machafuko ya mwaka 1959 wakiwa na mtoto mmoja mgongoni na godoro moja. Nyumbani Nkwenda kilizungumzwa Kinyarwanda cha wazazi, cha kuombea, kulia chakula na kukaripia. Mengine yote, michezo, shule, utani, mapenzi na matusi, Kabera aliyajua kwa Kiswahili.

Alimaliza darasa la saba Nkwenda mwaka 1977 na kidato cha nne Bukoba mwaka 1981. Walimu wake walimkumbuka kwa midahalo ya Ijumaa. Alikuwa hachagui upande. Akipewa kutetea kwamba jembe ni bora kuliko kalamu, aliwafanya wenzake watamani kutupa kalamu dirishani, na wiki iliyofuata alizitetea kalamu. Mwalimu wake mmoja alikuwa akimwambia, "Kabera, ukiugua wewe, Ijumaa haipo."

Mwaka 1983 aliajiriwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa pale Kayanga. Familia ilikuwa imepewa uraia wa huko, naye akapewa kadi ya chama tawala na kuchaguliwa katibu wa tawi la vijana. Nyuma ya ghala la kahawa palikuwa na benchi refu. Jioni, mizani ikishafungwa, wanaume walikaa hapo wakibishana juu ya serikali, bei ya kahawa na nani kamdanganya nani. Vilipokuja vyama vingi, benchi likagawanyika, wa chama tawala huku na wapinzani kule, lakini hakuna aliyehama. Kabera alikaa katikati ya wenzake wa chama tawala, na watu waliopita barabarani waliuliza, "Leo Kabera kasemaje?" Aliishi hivyo miaka kumi na sita. Akiwa mzee alisema ndiyo miaka ambayo hakuwahi kuihesabu.

Mwaka 1999 baba yake alitaka kurudi Kanama ili asife ugenini. Watoto wengine walikuwa na familia, Kabera hakuwa nayo, basi akamsindikiza. Baba alizikwa Kanama mwaka uliofuata, na Kabera akabaki. Alipata kazi ya kuandaa hati za mizigo katika ofisi moja ya forodha karibu na Petite Barrière, kile kivuko kidogo cha kwendea Goma, akaifanya hadi mwaka 2018. Baada ya hapo alifungua duka dogo la chumvi, sabuni na betri hapa Mbugangari.

Wengi wenu hamkujua hili. Miezi michache baada ya kufika, palikuwa na mkutano wa mtaa kuhusu maji. Kabera akasimama kuchangia, kama alivyozoea kusimama. Alikuwa na hoja nzuri. Lakini Kinyarwanda chake kilikuwa kile cha Nkwenda, cha mtoto anayeomba chakula, na watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mmoja alisema, "Muacheni Mutanzania amalize." Kabera akasema asanteni, akakaa. Hakusimama tena katika mkutano wowote. Kwa hiyo mlipomwona miaka hii yote akisalimia kwa kuinua kofia na kupita, mkasema Kabera ni mpole, Kabera hana maneno, mlikosea kidogo. Maneno alikuwa nayo mengi mno. Hakuwa na wa kumpa.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Umugwaneza Laurence, ambaye tuko naye hapa. Walikutana hapo mpakani, Laurence akiuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Kabera alichuchumaa mbele ya beseni akauliza, "Samahani dada, fungu hili ni kiasi gani?" Laurence akatazama huku na huku. "We iko padri?" akamwuliza. "Sema tu unataka ya ngapi!" Alinunua. Kesho yake akarudi kuuliza bei ile ile kwa adabu ile ile, na Laurence anasema mwezi mzima Kabera na wenzake wa ofisini walikula sambaza tu. Mungu aliwajalia watoto wawili, Hirwa na Akaliza. Hirwa yuko Kigali kikazi, na Akaliza amesafiri kutoka Ubelgiji kuja kumzika baba. Walipoondoka watoto, nyumba ilikuwa na amani sana, labda kupita kiasi. Laurence aliondoka alfajiri kwenda ziwani kupokea samaki, akarudi jioni amechoka. Kabera alibaki na betri zake.

Hapa turudi nyuma kidogo, kwenye maisha yake yale mengine. Mwaka 2012 alinunua simu yenye intaneti, na humo akaligundua jukwaa moja la mtandaoni liitwalo Kijiweni, ambako Watanzania hugombana juu ya siasa mchana kutwa. Alijiandikisha kwa jina la Mzee wa Kayanga. Hakusema yuko wapi. Aliandika kana kwamba benchi lile bado liko chini yake, akakitetea chama chake cha zamani, ingawa kadi iliisha nguvu, uraia aliuacha, na kura ya huko hakuwa nayo tena.

Alipofungua duka, wateja walimzoea hivyo, ameinamia simu, midomo inacheza. Mama mmoja wa Cyanzarwe, anayevusha karoti kila siku, alikuwa akimtania.

"Muzee, leo pia iko unagombana?"

"Nagombana."

"Na nani?"

"Na mtu mmoja mpumbavu sana."

"Huyo mutu iko wapi?"

"Humu kwenye simu."

"Bon. Mwambie atoke, anunue chumvi."

Mpumbavu huyo alijiita Pilipili Kichaa. Alikuwa wa upinzani, alisema anaandika kutoka Mwanza, na kwa miaka saba hawakupatana hata kwa jambo moja. Mzee wa Kayanga akisifu barabara, Pilipili alihesabu mashimo. Mzee akisema umeme umefika vijijini, Pilipili alijibu, "Mkuu, ulifika, ukasalimia, ukaondoka." Watu walifungua uzi wa mjadala kuwasoma wao wawili tu.

Mwaka 2019 kijana mmoja wa jukwaa aliandika mzaha: "Nyie wazee, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi mnapotea wote wawili. Mnakwenda kwa mganga mmoja?" Watu wakacheka sana. Kabera hakucheka. Yeye alijua alikuwa wapi asubuhi hizo. Alikuwa kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi hapa Rwanda, na jembe, pamoja nanyi. Siku tatu hakuandika neno, na Pilipili Kichaa naye hakuandika. Siku ya nne Kabera akamtumia ujumbe wa faragha.

"Mkuu, Jumamosi kwenu mlifanya nini?"

Jibu likaja: "Tulipanda miti. Ninyi?"

"Tulizibua mtaro."

"Mtaro wa wapi?"

"Mbugangari, Gisenyi."

"Mungu wangu. Mimi niko Mahoko."

Mahoko, ndugu zangu. Basi la asubuhi linakufikisha kabla chai haijapoa. Pilipili Kichaa ni Mzee Juvénal Kimenyi, fundi wa redio, aliyezaliwa Ngara na kurudi kama Kabera alivyorudi. Walipanga kukutana Mahoko siku ya soko, katika nyumba moja ya maziwa. Kabera alivaa koti. Wakasalimiana kwa Kinyarwanda, wakaulizana habari za watoto, mvua na viazi. Wakanywa maziwa. Kila mmoja akamngoja mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza. Mtu akikutazama usoni na kukuuliza hali ya mkeo, utamwitaje mpumbavu? Kabera alirudi amenyong'onyea, akamwambia Laurence, "Ni mtu mwema. Hatukuwa na la kusema." Lakini jioni simu ikalia, na Pilipili Kichaa alikuwa ameandika mbele ya watu wote: "Mzee wa Kayanga, hoja zako zimechacha kama maziwa ya juzi." Laurence anasema hajawahi kumwona mtu akifurahia tusi namna ile.

Walibaki hivyo, majirani katika dunia na maadui katika simu, na siri hiyo jukwaani hawakumwambia mtu. Ila mwaka 2022 jukwaani ukafunguliwa uzi mbaya. Wakaanza kusema watu wote wa mpakani kule, wa Karagwe na Ngara, ni wakimbizi, wachunguzwe mmoja mmoja. Walioanza walikuwa wa chama chake mwenyewe. Kabera angeweza kunyamaza. Akaandika: "Mimi ni mmoja wao. Nilizaliwa Nkwenda, mtoto wa wakimbizi, na leo naishi Rwanda. Mtanichunguza nini?" Wenzake aliowatetea miaka kumi ndio waliomgeukia kwanza. "Kumbe!" wakaandika. "Siasa zetu zinakuhusu nini?" Huku Gisenyi aliitwa Mutanzania. Kule wakamwita Mnyarwanda, na neno hilo walilitupa kama jiwe.

Mmoja tu alimtetea. Pilipili Kichaa aliandika: "Nimempinga mzee huyu kwa sababu hana hoja. Hamna ruhusa ya kumpinga kwa sababu hana kitambulisho." Haikusaidia. Wasimamizi wa jukwaa walilifungia jina la Mzee wa Kayanga. Akawa anaweza kusoma, hawezi kujibu.

Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote alivyopitia, na kilipita hapa katikati yetu bila sisi kukiona. Mzee Juvénal aliendelea kumwandikia jukwaani, "Mzee wa Kayanga, najua unasoma, na najua huna jibu." Kabera alisoma, akajibu kwa sauti, dukani, peke yake. Mteja akiingia alinyamaza. Walijaribu simu ya kawaida pia, lakini wakipigiana walirudi kwenye mvua na viazi. Mabishano yanataka watu wa kusikia.

Oktoba 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Februari 2024 madaktari wa Kigali waliona uvimbe kooni, na tarehe 6 Mei 2024 alifanyiwa upasuaji. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaenda nao. Alirudi nyumbani bila jukwaa na bila koo. Alilala akitazama ukuta, na hata kofia hakuinua tena.

Mzee Juvénal alikuja Julai. Akaketi kando ya kitanda, akasalimia kwa Kinyarwanda, akasifu afya ya mgonjwa, ambayo haikuwepo. Kisha akageuka nyuma. Majirani wawili waliokuja kumwona mgonjwa walikuwa wameketi hapo. Juvénal akatoa simu, akavaa miwani, akasoma kwa Kiswahili bandiko alilokuwa ameandika asubuhi, lenye kukiponda chama cha Kabera toka kichwa hadi miguu. Kabera akainua kidole.

"Najua, najua," Juvénal akasema. "Utasema barabara. Kila siku barabara."

Kabera akatikisa kichwa.

"Si barabara? Umeme?"

Akaitikia.

"Haya. Nitaisema hoja yako, lakini Mungu ananiona."

Akasimama, akaitetea serikali aliyoipinga maisha yake yote, hoja moja baada ya nyingine, kama Kabera alivyozipanga miaka ile. Alipokosea mpangilio, Kabera aligonga kitanda, naye akarudia. Alipomaliza majirani walipiga makofi. Laurence alisimama mlangoni na beseni mkononi. "Kumbe muzee yangu iko na maneno hivi yote?"

"Hii ni robo, mama," Juvénal akamwambia. "Mengine nimeyasahau kwa makusudi."

Tangu siku hiyo alikuja kila wiki. Na ninyi mkaanza kuja. Mlileta maembe na maswali, mkachukua upande, mkakosana vizuri. Chumba kilijaa hadi watu wakakaa dirishani. Kwa miezi kumi na moja Kabera alikuwa na benchi, akiwa hawezi kusema hata "karibuni".

Jumatano tarehe 11 Juni mwaka huu hali ilikuwa mbaya. Juvénal alifika, akamwona, na moyo ukamlainika. Akainama akasema, "Mkuu, hilo la umeme nakubali. Ulikuwa sahihi."

Kabera alifumbua macho kwa hasira. Akatikisa kichwa, mara nyingi, akamsukuma mkono: endelea, endelea.

Juvénal akapangusa miwani. "Basi nimefuta," akasema. "Sikubali. Wala sitakubali."

Kabera akatulia. Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, Laurence akiwa amemshika mkono.

Mzee Kabera Phocas ameacha mke, Umugwaneza Laurence. Watoto wawili, Hirwa na Akaliza. Ndugu zake wa Kanama na wa Karagwe. Na Mzee Juvénal Kimenyi wa Mahoko, aliyeketi pale mbele, ambaye mpaka saa hii hakubaliani naye.

Mungu amlaze pema, na ampe watu wa kusikia.