Abdiaziz Ametoboa Nini?

Asubuhi ile Adano alifika kijiweni kwa Mwanaarusi muuza kahawa, pale Garsen mjini, akakaa mwisho wa benchi bila salamu. Akapewa kahawa, hakuigusa. Simuni mwake mlikuwa na neno moja kutoka kwa mdogo wake Abdiaziz, aliyekwenda Hola jana kwa shughuli asizotaka kuzitaja: "Nimetoboa." Alipompigia, simu ilikuwa imezimwa.

— Ametoboa nini? akauliza Masha, fundi wa tairi, wanayemwita Pancha.

— Ndiyo nawauliza nyinyi.

— Basi ni tairi. Pikipiki imekanyaga mwiba.

— Tairi inatoboka yenyewe! akadakia Jilo, mkulima aliyebandikwa jina Spika kwa kutomaliza kusema. Huyu anasema *ametoboa*. Amekusudia.

Mwanaarusi, mama wa Kipini, akapuliza makaa.

— Yawezekana ni sikio. Vijana wa sasa wavaa herini.

— Abdiaziz? Na ndevu zile? akauliza Pancha.

— Ndevu hazizibi sikio, mwanangu.

Adano hakucheka. Spika akamsogelea, akashusha sauti.

— Kitu kinachotobolewa sana huku kwetu ni siri. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo? akauliza Pancha.

— Neno moja tu, lakini limejaa! Halafu anazima simu. Adano, kuna jambo lako analijua yeye peke yake?

Adano akashika kichwa. Jambo lilikuwepo.

— Wallahi kijana huyu! Nilimkanya! Mambo ya Lul wa Minjila yasimfikie mke wangu Hawo mpaka nimwambie mwenyewe. Na posa aliipeleka yeye!

Benchi zima likamgeukia.

— Posa? akanong'ona Pancha.

Hapo ndipo Adano alipotambua alichosema. Akageuka. Mkewe Hawo alikuwa amesimama nyuma yao na kibuyu cha maziwa.

— Nilikuwa nakutafuta, akasema Hawo polepole. Shemeji amenipigia kwa simu ya mwenzake, yake imeisha chaji. Amepita mtihani wa udereva. Alishaanguka mara mbili, ndiyo maana alificha safari. Anasema ametoboa.

Hakuna aliyesema hongera. Spika alitazama ndala zake. Mwanaarusi akainua birika, akalirudisha jikoni.

— Na huyo Lul wa Minjila, akauliza Hawo, ni nani?

Adano akainua kahawa yake iliyokwisha poa, akainywa yote. Hawo akaweka kibuyu chini, akakaa benchini kando yake, akangoja.