Funguo Saba za Papa Ananie

Papa Kambere Ananie alizaliwa Musienene tarehe 9 mai 1958, siku ya soko. Mama yake aliuza maharagi kwanza, akazaa kisha.

Shule ya msingi alisoma palepale, 1965 mpaka 1971. Sekondari aliiacha mwaka wa pili. Yeye alisema masomo ndiyo ilimuacha.

Mwaka 1986 alifungua depo ya viazi Butembo, akafunga funguo zake saba kwa kamba kiunoni. Alioga nazo. Tarehe 18 juillet 1987 alimuoa Mama Kavugho, binti wa mtaa wa Beu, kule Beni, na mbele ya altare funguo zililia kuliko kengele ya misa. Hakuna aliyezigusa, hata Kyakimwa, binti yake mkubwa, aliyejua kila gunia la depo. "Mutu anavua funguo, huyo ni maiti," alisema.

Février 2023, échographie, ile picha ya tumbo, ilionyesha mshipa mkubwa wa damu tumboni umevimba kama chambre à air ya baiskeli iliyochoka. Ukipasuka, kwisha. Figo zake zilikuwa dhaifu, donc daktari hakutaka kumuchoma dawa ya scanner. Alimutuma Kampala kwa IRM, mashine ya sumaku inayopima uvimbe hata bila sindano. Fundi wa mashine akasema: chuma yote nje. Papa akarudi Butembo na funguo zake, bila picha.

"Ananie," Mama Kavugho alimuambia, "unachunga depo. Wewe, nani atakuchunga?"

Mwezi uliofuata alirudi na Kyakimwa. Mlangoni mwa IRM alisimama muda wa rozari nzima.

"Papa, sumaku hapana bembeleza mutu. Leta."

"Usifungue kitu!"

"Depo iko Butembo, papa. Huku nitafungua nini?"

Hata fundi alicheka. Papa akafungua kamba. Picha ikasema: santimetre nne na nusu. Yeye akasema: "Funguo?"

Kila mwaka walirudi kupima. Mwaka 2025 uvimbe ulifika tano na nusu, wakapanga upasuaji. Safari hiyo, alipotoka kwenye mashine, Kyakimwa alimunyooshea funguo.

"Baki nazo," papa akasema. "Kiuno imechoka. Na ile mulango ya nyuma, sukuma kwanza na goti."

Mshipa ulipasuka tarehe 11 octobre 2025, nyumbani Butembo, siku nane kabla ya upasuaji. Mama Kavugho alikuwa amemushika mkono.

Ameacha mjane, Kyakimwa na wadogo zake wanne, wajukuu kumi na mmoja, na funguo saba zinazolia sasa hivi kiunoni mwa binti yake.

Lala salama, papa. Depo imefungwa. Tulisukuma na goti.