Ngatia wa Theuri, Aliyembeba Baba Yake Kifuani

Wazee wetu, mama zetu, na nyote mliopanda mpaka hapa Mweiga kwa matope haya, mimi ni Wahome, ndugu mdogo wa Ngatia, na nitasoma maisha yake kama mke wake Murugi alivyoyaandika, kwa kuwa mwenyewe amesema sauti haitatoka. Kuanzia hapa ni maneno yake.

Ngatia alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa Mweiga, mtoto wa kwanza wa Mzee Theuri na marehemu Mama Watiri. Wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau familia ilihamishwa na wakoloni, ikapelekwa katika kijiji cha kulindwa pamoja na wengine, na huko mama yake aliugua akafariki mwaka 1955, kwa hiyo alijifunza kupika uji kabla ya kujifunza kusoma. Alianza shule mwaka 1957, akamaliza masomo ya msingi mwaka 1965, hakuendelea mbele, na mwaka uliofuata aliandikwa kazi katika kiwanda cha mbao karibu na Kiganjo, akianza kwa kubeba maganda ya magogo mpaka akawa mtu wa msumeno, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomtoa.

Tulifunga ndoa kanisani kwetu Kutus tarehe 14 Desemba 1974.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa tarehe 9 Agosti 1976 katika hospitali moja mjini Nyeri, mimba ikiwa ya miezi saba, na mimi nilipasuliwa, nikashikwa na homa, nikalazwa wodi nyingine nisiweze hata kuketi. Siku hizo jamaa walimtazama mtoto kupitia kioo tu, wakarudi nyumbani, na mtoto akabaki kuwa wa manesi mpaka apone au afe. Sanduku la joto lilikuwa moja, watoto walikuwa wengi, na stima ilikuwa inapotea mara kwa mara.

Sista Ngendo, aliyekuwa mkubwa wa chumba hicho, alimwambia Ngatia, "Mimi niko na mikono miwili na watoto sita. Nataka mtu wa nyumbani aingie ndani afunzwe hii kazi." Ngatia alijibu kwamba mama yake alishafariki na mama yangu alikuwa mgonjwa kitandani Kutus. Sista alimwangalia, akauliza, "Na wewe huna kifua?"

Basi Sista alimwosha Ngatia vumbi la mbao mpaka ndani ya masikio, akamvua shati, akamfunga mtoto kifuani kwa leso, ngozi kwa ngozi, akamfundisha kumdondoshea maziwa yangu yaliyokamuliwa, na kumkuna unyayo kila aliposahau kupumua, kwa maana watoto wa namna hiyo husahau. Ngatia alikuwa akishinda msumenoni na kulala kwenye kiti cha hospitali.

Kiwandani walimcheka. Moffat, ambaye yuko hapa na ananiruhusu kusema, alipiga kelele mbele ya watu wote, "Ati Ngatia siku hizi ananyonyesha!" Ngatia hakukasirika, alimjibu, "Nimembeba baba yangu. Wewe, wako ulimbeba lini?" Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu yake mzaa baba, na Moffat alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaanza kumfanyia zamu zake za asubuhi.

Lakini Mzee Theuri mwenyewe alikuwa amekataa. Alisema mtoto asipewe jina lake kabla hajatoka hospitalini, kwa sababu akifa, jina litazikwa naye, na alisema mwanamume kukaa chumba cha wazazi ni aibu. Jumamosi moja alikuja na koti lake na fimbo kumtoa mwanawe. "Twende nyumbani," alisema mlangoni. Sista akamwambia, "Mzee, mchukue, lakini niambie nani atampasha huyu joto." Ngatia hakusikia lolote, alikuwa amelala ameketi, kwa uchovu, mtoto akiwa kifuani pake. Ndipo midomo ya mtoto ikabadilika rangi, na Sista, mikono yake ikiwa kwa mtoto mwingine, akapaza sauti, "Mzee, unyayo! Mkune unyayo!"

Mzee alitupa fimbo, akaushika mguu ule uliokuwa kama kidole chake, akaukuna, akaita, "Theuri! Wee Theuri, pumua! Theuri!"

Mtoto alipumua. Ngatia aliamka, akamkuta baba yake akilia jina lake mwenyewe. Mzee alivua koti, akavua shati, akaenda kunawa. Kuanzia siku hiyo walipokezana, na Sista akawafungulia mlango jamaa za watoto wengine pia. Mtoto, Theuri wetu, alikuja nyumbani mwezi wa Oktoba, na mwaka 1979 tukapata msichana, Watiri.

Ngatia alianza kukohoa Januari 1983. Alilazwa mara kadhaa, kila mara akarudi mwembamba zaidi, na alifariki asubuhi ya tarehe 21 Juni 1984, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitano. Alikuwa amechoka sana. Sisi tuliomuuguza pia tumechoka, na sina maneno mengine ya kupamba jambo hilo.

Tunawashukuru madaktari na manesi, Sista Ngendo aliyekuja leo ingawa alishastaafu, majirani waliotukamulia ng'ombe na kutuchimbia viazi, na wenzake wa kiwandani waliopasua mbao za jeneza hili.

Jana nilimweleza mwanangu Theuri kwamba akikua na kuoa, mtoto wake wa kwanza wa kiume ataitwa Ngatia. Akaniuliza, "Na akija mdogo kama mimi, nitambeba vipi?" Nilimwambia babu yake anajua, amwombe amwonyeshe, na jana jioni Mzee alimwonyesha.

Mume wangu, Baba Theuri, lala sasa. Pumzika kwa amani.