Kidonge cha Saa Saba Mchana

Ndugu, majirani na wote mliokuja kumsindikiza dada yetu, kabla sijaanza naomba kitu kimoja. Mwenye simu aizime, na mwenye mtoto mchanga asogee naye nyuma kidogo. Wasifu huu nimeusoma peke yangu mara nne nikiwa na saa mkononi, na unachukua dakika kumi na mbili. Sasa hivi ni saa sita na dakika arobaini na saba. Saa saba kamili kuna jambo lazima lifanyike hapa, mbele ya jeneza, na likishindikana sijui kesho nyumbani kwetu tutaanzia wapi. Mimi ni mdogo wake wa kiume. Kazi yangu ni kupanga zamu kiwandani, kwa hiyo mtanisamehe nikihesabu dakika.

Marehemu alizaliwa Ijumaa tarehe 9 Juni 1967, kifungua mimba wa fundi bomba na opereta wa simu. Baba alitutoka mwaka 1999. Mama yupo hapa mbele, kwenye kiti chenye mto wa kijani. Mama aliunganisha simu katika hospitali ya serikali kwa miaka ishirini na sita, akiwa kwenye chumba kisicho na dirisha, amevaa visikizio masikioni, anachomeka na kuchomoa nyaya. Watu aliozungumza nao hakuwaona. Madaktari aliwatambua kwa kikohozi, na wengine kwa namna walivyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Nawaomba mlishike hilo, maana wasifu huu wote umesimama hapo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1974 na kumaliza sekondari mwaka 1984. Jina la Bi Karatasi, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lake la kwenye cheti, alilipata darasa la pili kwa kuokota kila karatasi yenye upande mmoja mweupe, ikiwemo ya kufungia nyama. Mimi nilikuwa mtoro, na yeye ndiye aliyeniandikia barua za kuniombea ruhusa kwa jina la mama. Tulikamatwa kwa sababu barua zilinoga mno. Mwalimu mkuu alimwita mama, akamwambia, "Mama, nimekuita nijue yule shangazi aliyeng'atwa na bata aliishia wapi." Shangazi hatukuwa naye, wala bata. Tulichapwa wote wawili, na njiani kurudi nyumbani mama alimwambia dada amalizie kisa.

Aliajiriwa kituo cha redio mwaka 1990 kama mpiga chapa. Kazi yake ilikuwa kuchapa michezo ya kuigiza ya watu wengine, na aliirekebisha kimyakimya hadi wenyewe wakaanza kujisifu. Mwaka 1996 alipewa mchezo wake mwenyewe, "Wodi ya Mwisho wa Korido", dakika saba kila siku saa saba mchana, na Jumapili marudio. Aliuandika kwa miaka ishirini na tisa. Sijawahi kumwambia kwamba kiwandani, saa saba, wafanyakazi wangu walikuwa wanazima mashine dakika mbili kabla ya wakati ili wamsikilize, na mimi nilikuwa nawakata dakika hizo kwenye ripoti.

Mwaka 1994 alifunga ndoa na mpima ardhi, wakajaliwa binti mmoja mwaka 1997. Shemeji yupo safu ya tatu, na ameniruhusu niseme haya. Mama alipoanza kusahau, akawasha jiko na kutoka zake, marehemu alimchukua akae naye. Hiyo ilikuwa Februari 2016. Shemeji alivumilia mwaka mmoja na nusu. Alipopangiwa kazi ya mbali, alimwambia mkewe wahame wote, mama aje kwangu. Dada alinipigia simu. Nilimjibu kwamba nyumba yangu ni ndogo. Nyumba yangu ina vyumba vinne. Shemeji akaenda peke yake, na hakurudi tena kuishi pale.

Sasa niseme alivyoishi, maana wengi tulikuwa tunapita tu sebuleni na kuondoka. Meza yake ya kuandikia aliisogeza hadi mlango wa mbele, ili mama asiweze kutoka bila kumpitia. Aliandika mistari mitatu, akainuka kumbadilisha mama, akarudi akaandika miwili, akainuka kumtoa mama jikoni. Studio hakuweza kwenda, kwa hiyo fundi mitambo wa kituo alimfungia kinasa sauti ndani ya kabati la nguo, katikati ya makoti, ambako sauti haigongi ukuta. Dada yangu mwenye miaka hamsini alikuwa anaingia kabatini na karatasi zake na tochi, anajifungia, anakuwa watu wengine. Mara nyingine mama aligonga kabati, na mlio huo ukasikika hewani. Kesho yake aliuingiza mchezoni, akasema ni mgonjwa wa kitanda namba tisa, hapendi kufungiwa.

Shida kubwa ilikuwa kidonge cha presha. Mama hakukubali kukimeza. Alikitema, alikificha kwenye shavu, na siku moja tulikuta kumi na tisa kwenye chungu cha maua. Alikuwa haujui tena uso wa mwanawe. "Wewe nani unipe dawa?" alimwambia. "Niitie sista." Basi mwaka 2017 mwigizaji wa Sista Mkali, muuguzi wa ule mchezo wa redio, akaacha kazi, na dada akaichukua nafasi hiyo mwenyewe kwa sauti nzito ya puani. Kipindi cha kwanza kiliporushwa, yeye amekaa na mama, kidonge mkononi, redio juu ya friji. Sista Mkali akamwambia mgonjwa wake, "Mama, kidonge hicho. Meza, halafu maji yote." Mama akafungua mdomo. Akameza, akanywa maji yote, kisha akamgeukia mwanawe na kusema, "Umemsikia? Huyo ndiye sista. Ana adabu, si kama wewe."

Dada alinisimulia hayo huku anacheka hadi machozi yanamtoka. Alijaribu kumsemesha mama kwa sauti ile ile uso kwa uso, mama akamkodolea macho: "Unamwigiza nani?" Ilikuwa lazima itoke kwenye redio, na ilikuwa lazima iwe mpya. Jumapili, siku ya marudio, mama alitikisa kichwa na kusema, "Simu hii nimeshaipokea." Daktari alikihamishia kidonge mchana, akasema siku sita kati ya saba anazipokea kwa mikono miwili. Kuanzia hapo, haijalishi nani amekufa au kupona kwenye ile wodi, kila kipindi kilikuwa na mtu anayemeza kidonge. Kituo kilipokea barua za wasikilizaji waliokuwa wanameza vya kwao papo hapo.

Jumatatu tarehe 15 Machi 2021, marehemu akiwa kabatini anarekodi, mama alisukuma meza akatoka. Tulimkuta kituo cha mafuta, miguu mitupu, ameshika mpira wa pampu, anamwambia mhudumu amuunganishe na wodi ya wazazi. Niliitisha kikao cha familia jioni hiyo hiyo. Niliongea mimi peke yangu. Nilimwambia dada achague, mama au redio.

Alinijibu kwa utulivu, "Ukinitoa redioni, mama hamezi dawa. Haniamini mimi, anamwamini Sista."

Nikamwambia, "Hebu acha maigizo yako, dada. Haya ni maisha ya mtu."

Aliacha. Kwa wiki saba kituo kilipiga muziki saa saba, na kwa wiki saba mama alitema kidonge. Alhamisi tarehe 6 Mei 2021 alianguka koridoni, presha imepanda, akalazwa siku kumi na moja. Nilifika hospitali nimekasirika. Nilichosema nakirudia hapa kama nilivyokisema, mbele ya manesi: "Siku hizi huna hata kazi, na bado kidonge kimoja kinakushinda." Dada alikuwa anamkata mama kucha za miguu, akaendelea. Mama alipotoka, yeye alirudi kabatini bila kuniomba ruhusa, na mimi nilisusa kwenda kwao kwa miezi minane. Aliniambia sababu waziwazi na sikumsikiliza. Naliungama hili leo nikiwa nimesimama, kwa sababu wakati wa kumwambia yeye nilikuwa nao na nikauacha upite.

Tarehe 3 Aprili mwaka huu wa 2025 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari walimpa miezi, hawakumpa miaka. Jumatano tarehe 18 Juni alikuja ofisini kwangu kiwandani kwa miguu yake, amekonda, ameshika karatasi moja. Akasema, "Naomba dakika ishirini zako. Kuna sehemu nataka uiseme wewe, kwenye kinasa." Nikamwambia tupo kwenye ukaguzi wa mashine, aje mwisho wa mwezi. Akasema sawa. Mwisho wa mwezi sikumtafuta, na yeye hakuwa na nguvu za kupanda ngazi tena. Julai yote alirekodi akiwa amekalia ndoo ndani ya kabati, akiweka akiba ya vipindi vya mbele, na binti yake akimshikilia tochi. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa binti yake. Saa saba mchana wa siku hiyo sauti yake ilitoka redioni, na mama akameza kidonge. Jumatano vivyo hivyo, Alhamisi, na jana.

Jana akiba iliisha. Kimebaki kipindi kimoja ambacho redio haiwezi kukirusha, kwa sababu hakijakamilika. Fundi mitambo alikileta nyumbani siku ya pili ya msiba, akanikuta nimekaa na waombolezaji. Aliniambia, "Katikati kuna kimya cha sekunde kumi na mbili. Nilitaka kukikata, akanikataza. Alisema utakuja kukijaza." Akanipa ile karatasi ya Juni. Dada yangu, ambaye aliwaandikia watu wote cha kusema kwa miaka ishirini na tisa, sehemu yangu ameandika hivi tu: MDOGO WANGU, na mbele yake nafasi tupu.

Asubuhi hii nilipokuwa namvalisha mama viatu aliniuliza, "Msiba wa nani huu?" Nikamwambia. Akasikitika, akauliza, "Maskini, ana mama?" Nikamwambia anaye. Akasema, "Basi mtu akakae naye." Nimelibeba neno hilo hadi hapa. Nimeshahamia nyumba ile tangu juzi, na kwenye ratiba ya kiwanda jina langu limehamia zamu ya asubuhi, inayoisha saa sita. Mpwa wangu ataandika, na kituo kimetupa wiki mbili za majaribio. Lakini hataandika akiwa amezuia mlango kwa meza. Mlangoni nitakaa mimi, na siku zake za kutoka na kurudi anapotaka zipo kwenye ratiba, nimeziandika kwa wino. Shemeji ameomba Jumapili.

Marehemu ameacha mama, mwenye umri wa miaka themanini na minne, binti mmoja, mume ambaye hawakuwahi kupeana talaka, mdogo mmoja wa kiume, ambaye ni mimi, na wagonjwa wa wodi nzima, pamoja na yule wa kitanda namba tisa.

Dada, pumzika. Makoti tumeyaacha yalivyo.

Imebaki dakika moja. Fundi, spika moja isogee karibu na kiti cha mama. Mpwa wangu, kidonge kiwe mkononi, maji yawe ya vuguvugu. Mimi nitakwenda nyuma ya ukuta na kipaza sauti, mama asiuone uso wangu. Ninyi naomba msiseme kitu, na atakayelia alie polepole. Mkikaa kimya mtamsikia dada akisema hivi, nimeyanakili kutoka kwenye karatasi yake:

SISTA MKALI: Mama, habari za mchana. Leo namaliza kazi, naenda kupumzika. Usihangaike, sikuachi na mtu usiyemjua. Huyu ni wa damu yako, ila anachelewa, tangu shule anachelewa. Msikilize. Haya, mdogo wangu, msalimie mama.

Na hapo ndipo penye sekunde zangu kumi na mbili. Nimeandika, nimefuta, nimepima kwa saa. Zinatosha hivi:

MDOGO WANGU: Shikamoo mama. Ni mimi. Nimechelewa, lakini nimefika na siondoki. Kidonge hicho, mama. Meza, halafu maji yote.