Tui la Pili

Basi dogo lilitoka Ibra, Omani, asubuhi ya Idi. Balqis, kiti cha nyuma, alijifanya amelala, maana masikio ya aliyelala hayana lawama. Mbele yake msichana amepakata sufuria ya mbaazi, na bibi aliyekaa naye, asiyemjua hata jina, ameshafunua kifuniko na kunusa.

"Hizi hazina kasimele, lile tui zito la kwanza, mwanangu," alisema bibi, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Nimetia tui la pili tu, bibi. Baba anaumwa moyo, daktari kamkataza mafuta."

"Basi mtilie kibakulini chakula chake cha mgonjwa. Wengine wana kosa gani? Tui la pili ni maji ya kuoshea kifuu!"

"Akisikia neno 'mgonjwa' hagusi, wallahi. Idi iliyopita tulimtengea kibakuli. Akasusa, akenda kula kasimele kwa jirani, tukamkimbiza hospitali. Leo zitakaa katikati ya sinia, tule sote, naye ale na wanaume wenzake."

"Wageni watasema mama yako hakukufunza kukuna nazi."

"Waseme! Midomo yao, baba yangu."

Balqis alifumbua jicho moja. Maneno kama hayo hayasikilizwi gizani.

Basi likasimama Al Qabil. Msichana akateremka, sufuria kifuani. Bibi akatoa kichwa dirishani.

"We binti! Na wakikuuliza mbaazi za nini hizi?"

"Za nazi, bibi, si za mgonjwa!"