Shangazi wa Mtinko: Dkt. Luciana Mkumbo Anakabidhi Ofisi

Ifikapo Juni 30 mwaka huu, Dkt. Luciana Mkumbo atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba chuoni kwetu, na siku hiyohiyo atakabidhi funguo za Kitengo cha Utafiti Shirikishi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwenye jarida hili kwa sababu, eti, hakuna mtumishi aliyebishana naye kama mimi. Haya basi. Mimi ni Rukaiya Njiku, mtafiti mwenza, mzaliwa wa Mtinko, na natembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Asiyependa nitakayoyasema anifuate ofisini. Mlango uko wazi, na ngazi za pale mbele Dkt. Luciana alishazing'oa.

Alizaliwa Kintinku, wilayani Manyoni. Alianza hapa akiwa mhadhiri msaidizi, akaenda masomoni, akarudi na udaktari wake na mdomo uleule. Maana mama huyu anaongea, jamani! Hadithi aliyoianza tukitoka getini tulifika nayo kijijini haijafika nusu. Tena hajui kukataa zawadi. Kila alikokwenda kufanya utafiti alipewa kuku, na gari la mradi likawa linanuka banda mwaka mzima. Wajumbe wa Baraza la Chuo bado wanamkumbuka yule jogoo aliyewika katikati ya bajeti, kumbe yuko kikapuni chini ya kiti cha Daktari.

Kazi yake kubwa ilikuwa kukataa utafiti unaowahusu watu wenye ulemavu bila wao kuwemo. Alituita sisi wenyewe, wasioona, viziwi na sisi wa baiskeli, na hakutuita tuje kuhojiwa. Tulitunga maswali, tukaenda vijijini kuyauliza, tukachambua majibu, na majina yetu yakakaa kwenye ripoti sambamba na la kwake. Baadhi ya wakubwa waliguna. Yeye akasema miguno haijawahi kuzuia gari kuondoka, akapanda, tukaondoka.

Lakini msidhani alizaliwa anajua. Mwaka ule wa kwanza tulifika Mtinko kwa Mzee Alute, ambaye ni kiziwi tangu utoto. Shule hakuipata, na huongea kwa ishara zilizozaliwa palepale nyumbani kwao. Tulimkuta ameketi na mdogo wake, Lazaro. Dkt. Luciana akampita mzee, akampa Lazaro shikamoo, akavuta kigoda, akaanza kumuuliza Lazaro habari zote za kaka yake. Je, mzee anashirikishwa kwenye mambo ya familia? Lazaro akajibu kwamba anashirikishwa vizuri kabisa. Mzee Alute akainuka, akaenda zake zizini.

Nilimvuta Daktari pembeni, nikamwambia bila kupepesa macho kwamba kwetu ukimruka mkubwa ukamwamkia mdogo, umemtoa yule mkubwa katika hesabu ya watu. Aibu ikamshika. Alimfuata mzee na viatu vyake vya mjini, akapiga goti mbele yake, palepale kwenye samadi mbichi. Mzee alilitazama lile gauni, akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi. Kisha akamwinua mwenyewe, wakarudi wameshikana mikono.

Baada ya hapo ndipo tulipojua kilichokuwa kinamkosesha Mzee Alute usingizi. Binti yake wa pekee, Raheli, alikuwa amebakiza mwaka mmoja kwenye chuo cha uuguzi. Mchumba wake, Ezekieli, ni kijana mwema, hilo halina ubishi. Ila akina baba wadogo walikuwa wameshapatana na mshenga kwamba harusi iwe mara tu baada ya mavuno, na masomo yatafuata baadaye. Hiyo baadaye tunaijua sote. Raheli alitaka amalize kwanza, na siri hiyo alikuwa amempa baba yake tu, kwa mikono, mpaka siku hiyo alipotufungulia na sisi.

Sasa hapo ndipo penye mtego. Siku ya posa binti haketi na wazee. Huitwa mwishoni kuulizwa kama anawafahamu wageni, wakati mambo yameshafungwa. Mama yake alikuwa amefariki. Kwa hiyo mtu pekee aliyeielewa vizuri mikono ya mzee ndiye asiyeruhusiwa kuwepo, na Lazaro, anayejua ishara za kula na kuchunga tu, ndiye angemsemea kaka yake kama alivyozoea.

Tulileta mkalimani wa lugha ya alama kutoka mjini, mtu hodari kweli. Mzee alimtazama kama mtu anayefukuza nzi, kwa kuwa lugha hiyo hakuwahi kufundishwa. Ndipo Dkt. Luciana alipoamua kujifunza ishara za mzee yeye mwenyewe. Tangu palizi hadi mavuno, kila Jumamosi alikuwa Mtinko, Raheli akiwa mwalimu, na mwalimu huyo hakuwa na huruma. Mimi nilishauri aingie kwenye posa kama mtafiti. Alinicheka, akasema hakuna mzee atakayemtaka mtafiti kwenye posa, lakini posa bila shangazi haiendi. Mzee Alute hana dada wa kuzaliwa naye. Alimchukua Daktari mbele ya ukoo, akawaonyesha kwa mikono kwamba huyu ndiye dada yake. Lazaro alinuna siku mbili, lakini kaka mkubwa hapingwi nyumbani kwake.

Siku ya posa nilikuwa uani, baiskeli nimeisogeza chini ya dirisha. Msinilaumu, mtafiti hukusanya taarifa. Mshenga alipomaliza, Lazaro akakohoa aanze kusema. Mzee akapiga fimbo chini, akaanza kuongea kwa mikono, na Dkt. Luciana akawa sauti yake. Hakufika mbali kabla hajachomekea hotuba yake mwenyewe kuhusu elimu ya mtoto wa kike. Mzee akaona mdomo umekuwa mrefu kuliko mikono, akamgonga goti kwa fimbo. Watu waliangua kicheko, hadi wakwe.

Akarudi kwenye maneno ya mwenye nyumba. Mzee alisema hazuii ndoa, na kijana anampenda. Ila mwanawe atamaliza chuo kwanza. Anayemtaka atasubiri, na asiyeweza kusubiri mlango alioingilia anaujua. Kisha baba yake Ezekieli akasema kwamba wao wamekuja kumwomba mtoto kwa baba yake, na baba yake ameshasema. Raheli alilia kule jikoni. Mimi nami nililia pale dirishani, wala sioni haya kuliandika.

Raheli alimaliza, akaolewa, na leo ni muuguzi. Sisi kitengoni tuliandika upya mwongozo wetu wote, na agizo la kwanza likawa kwamba aulizwe mwenyewe. Kwa agizo hilo tumefanya kazi hadi Unyambwa, ambako wenzetu sasa wanaketi kwenye kamati ya maji na kuwachosha wajumbe kwa maswali. Hayo yote ni matunda ya Dkt. Luciana, na chuo kinamshukuru kwa moyo mweupe.

Wiki iliyopita nilikwenda kumjulisha Mzee Alute kwamba Daktari anastaafu. Raheli alikuwepo, akatafsiri. Mzee aliuliza anakwenda kuishi wapi, nikamjibu ana nyumba yake Kintinku. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akanionyesha chumba cha uani kilichopigwa lipu mpya. Alisema niwafikishie watu wa chuo shukrani zake, kwamba wamemtunzia dada yake miaka yote hii, na sasa wamrudishe nyumbani.

Dkt. Luciana, tunakuombea afya, uzee wenye raha na mlenda usiokauka mezani. Nenda salama. Kaka yako anakusubiri.