Historia ya Taratibu, Aliyepiga Besi Miaka Thelathini na Tano

Ndugu, jamaa, majirani na wanamuziki mliofika kumsindikiza marehemu, aliyekabidhiwa karatasi hii na familia ni mdogo wake wa kuzaliwa, ambaye ataisoma kama ilivyoandikwa, na pale sauti itakapomkatika mtamvumilia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la jukwaani la Taratibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha uani cha baba yake fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mama yao alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alichelewa siku kumi na mbili, akatoka bila haraka, akawaangalia watu mmoja mmoja, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, kisha sekondari kuanzia 1980 hadi 1983, ambako bendi ya shule ilikuwa na magitaa matatu, mawili yakigombewa na kila mvulana aliyetaka kuonwa na wasichana, la tatu likiwa limesahaulika stoo na nyuzi mbili kati ya nne, nalo lilikuwa la besi, marehemu akalichukua kwa kuwa hakuna aliyelitaka.

Tarehe 6 Aprili 1985 aliajiriwa katika kiwanda cha sabuni, idara ya kufunga mizigo, lakini moyo wake ulikuwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya gereji, ambako bendi ya mtaa ilipiga kila Jumapili kuanzia saa tisa alasiri. Mwezi Juni 1987 mpiga besi wa bendi hiyo aliugua ghafla, Taratibu akaitwa jukwaani kwa sababu ilijulikana kwamba anazijua nyimbo tatu, akazipiga hizo tatu vizuri, ya nne akaiparamia tu, na mpiga dramu akamwambia aache kutazama vidole vyake mwenyewe, autazame mguu wa kulia wa mpiga dramu, ule unaokanyaga dramu kubwa, maana besi isiyoufuata mguu huo imepotea. Tangu siku hiyo alisimama ubavuni mwa mpiga dramu, bega kwa bega na matoazi, wala hakuhama hapo mpaka mwisho wa kazi yake.

Jina lake lilijengwa polepole, kwenye harusi, mahafali na kumbi zenye spika mbovu, kwani sifa zilikwenda kwa mwimbaji na mpiga solo, ilhali besi haikumbukwi na mtu mpaka siku inapokosekana. Bendi ilivunjika mara mbili, mwaka 1991 na 1999, na mara zote mbili ni yeye aliyewazungukia wenzake mlango kwa mlango, akiwabembeleza hadi waliorushiana ngumi wakapanda tena jukwaa moja. Alipoacha kiwanda mwaka 1994 baba alimnunia miezi mitano, halafu Jumapili moja mzee huyo akaonekana ukumbini, ameketi nyuma kabisa, anatikisa kichwa huku amekunja uso ili asionekane amefurahi.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za bendi, ambaye kwa kauli yake mwenyewe alimpima mashati manne kabla huyo bwana hajapata ujasiri wa kumuuliza jina, na wamejaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume.

Sasa tunafika kwenye maradhi, na hapa familia imeomba ukweli wote usomwe.

Kuanzia mwaka 2011 masikio ya marehemu yalianza kuvuma, na kufikia 2014 alikuwa hasikii tena maneno ya mtu aliye nyuma yake, na yaliyosemwa mbele yake aliyasoma midomoni. Mpiga besi asiyesikia akijulikana hana kazi, kwa hiyo aliwaapisha watu wawili tu, mkewe na mpiga dramu, kisha akaendelea kupiga kwa kuutazama ule mguu wa kulia, na nyuzi akizikaza huku ameegemeza taya kwenye mti wa gitaa ili mtetemo umwambie zimekaa sawa. Wenzake hawakugundua, na wasikilizaji walisema mzee anazidi kuiva.

Jumapili tarehe 9 Agosti 2015, mdogo wake alifika ukumbini mbio, akamkuta amewapa watu mgongo akifuta gitaa, akamwambia mama amezidiwa na anamwita, marehemu akaendelea kufuta, akatoka kwa mlango wa pili pasipo kugeuka. Mama alifariki jioni hiyo akiwa anatazama mlangoni. Makaburini mdogo wake alimshukia mbele ya watu, akamwita jeuri aliyetia pamba masikioni, ustaa umempanda kichwani, na marehemu, ambaye wakati huo alikuwa akimtazama midomo, aliinamisha kichwa, akayapokea yote. Bendi nzima ilikuwa imesimama pale.

Kwa karibu miaka minane ndugu hao hawakusemeshana, mke wa marehemu alimpigia shemeji yake simu, hazikupokelewa, alifika nyumbani kwake, akaambiwa bwana hayupo na bwana yumo ndani.

Figo za marehemu zilianza kushindwa mwezi Novemba 2022, akashuka jukwaani, akalazwa tarehe 22 Mei 2023. Jumatano tarehe 31 Mei mdogo wake alipiga moyo konde, akaenda wodini, akamkuta amelala ameelekea ukutani, mkewe ameenda kuchukua dawa, akasimama nyuma yake na kumwambia kwamba amemsamehe, akangoja, akarudia, hakujibiwa. Aliondoka amefura hasira, akisema kwa sauti kwamba mtu huyo hata kifo hakitamfundisha adabu.

Taratibu alifariki Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, saa moja asubuhi, na Jumapili mpiga dramu akaja kwa mdogo mtu, akavua kofia, akamweleza yote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi walioinama usoni pake kila walipotaka kusema naye, majirani waliopika na kufua tangu siku ya kwanza, wanamuziki wenzake waliombeba leo, na mpiga dramu, aliyetunza siri ya rafiki yake hadi ikamuumiza yeye mwenyewe.

Karatasi hii ina mstari wa mwisho, ule ambamo familia huomba kwamba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe. Msomaji ameufuta mstari huo kwa kalamu, shemeji ameona na amekubali. Kaka, hukunikosea. Mama alikufa bila kukuona kwa sababu sikupiga hatua tatu nikakushika bega, na wewe ukakubali kuitwa jeuri kuliko kunionyesha nilichofanya. Nilikuja hospitali kukupa msamaha, na mwenye kuuhitaji nilikuwa mimi. Nimechelewa, kaka yangu, nimechelewa kabisa. Pumzika kwa amani ambayo mdogo wako hakukupa.